Tundu Nyuma ya Ruta

Jumanne, 4 Juni

Leo nimevumbua kitu. Historia iandike.

Nilikuwa chini ya meza ya televisheni, kifudifudi, kwa adhabu. Mama alisema nisipofuta vumbi huko nisahau chakula cha mchana. Kosa langu: kulala hadi jua kali nikidai natafakari. Basi nikafuta. Nikapiga chafya. Nikageuza ruta, kile kisanduku cha waifai, ili nifute mgongo wake. Lo! Tundu! Tundu bapa, la pembe nne, limejaa vumbi, halijaguswa tangu ruta iingie humu ndani. Miaka yote hii Baba Mdogo anatundika kofia yake kwenye antena za ruta kana kwamba ni msumari wa ukutani, na hakuna aliyejua kwamba nyuma kuna mlango.

Nikajiuliza ni kitu gani humu ndani kina waya wa kuingia hapo. Jibu likaja lenyewe. Diski ya Dada!

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Dada yangu anapiga video za harusi. Video zote zinakaa kwenye diski moja nyeusi, nyembamba kama simu, nayo diski inakaa ndani ya soksi ya sufu. Sheria ya nyumba: asiye Dada haigusi soksi. Sasa, Jumamosi hii Dada anakabidhi filamu ya harusi ya binti wa Mama Ukumbi. Huyu ndiye mwenye ule ukumbi mkubwa wa sherehe pale barabarani. Akiipenda filamu, harusi zote za ukumbi wake zitapigwa na Dada. Na Dada aliniahidi, Mama akiwa shahidi, kwamba hapo atanichukua niwe msaidizi wake. Nitavaa kitambulisho shingoni. Nitabeba taa. Nitawaambia watu wazima wasogee kushoto na watasogea.

Dada akiikosa kazi hiyo, Jumatatu naenda kwa rafiki yake Baba Mdogo kufyatua matofali. Ya saruji. Kwa mikono hii!

Kwa hiyo filamu hiyo si ya Dada peke yake. Ni ya ukoo.

Tatizo ni kwamba tundu la kompyuta ya Dada limelegea. Ukikohoa karibu na meza, diski inakatika. Ameushikilia waya kwa kibanio cha nguo, anahariri huku amebana pumzi. Mchumba wake ni fundi simu. Mimi namwita Kola, kwa sababu kola za mashati yake zina msimamo kuliko yeye. Ameshaomba mara nyingi aletewe kompyuta aichomelee tundu jipya. Dada hana nafasi ya kuiachia.

Mimi je? Diski naichomeka kwenye ruta. Kompyuta inaifikia kwa waifai. Bila waya. Bila kibanio. Bila Kola!

Jumatano, 5 Juni

Nilimweleza Dada mpango wangu akiwa anapiga mswaki, ili asiweze kubisha. Alitema povu, akasema hapana. Nikamwambia atakuwa anafanya kazi kitandani, miguu juu ya mto. Akasema hapana. Alipoketi tu mezani, kibanio kikafyatuka, diski ikakatika, kazi ya usiku kucha ikayeyuka. Dada akateremka kitini, akakaa sakafuni, akawa anaangalia ukuta. Nikamuuliza tena, kwa sauti ya daktari.

Akasema: “Ukiiharibu, mdogo wangu, nakuzika nayo.”

Katika nyumba yetu hiyo ni ndiyo.

Nikaingia kazini. Chini ya tumbo la ruta kuna karatasi yenye namba za kuingilia na neno la siri. Nikaiziba kwa kiganja, nikawaambia wote warudi nyuma, navunja mfumo wa ulinzi. Baba Mdogo akaweka gazeti chini. Mama akasimama mlangoni na mwiko. Nikaandika lile neno lililoko kwenye karatasi. Mfumo ukavunjika! Baba Mdogo akaniita Injinia. Nadhani hakuwa anakejeli.

Ukafunguka ukurasa wa mipangilio. Maneno magumu matupu, na pembeni visanduku vya kutia tiki. Mimi nimeishia kidato cha pili, lakini kisanduku kitupu nikikiona nakihurumia. Kushirikisha faili? Tiki. Kuruhusu vifaa vyote? Tiki. Kutoulizwa neno la siri? Tiki, nani ana muda huo. Kuonyesha video kwenye kila televisheni iliyo mtandaoni? Tiki kubwa! Nilijiona sebuleni, mimi na kochi na televisheni yetu. Kwani kuna televisheni nyingine?

Nikachomeka. Diski ikawasha taa ya buluu. Ruta ikapepesa. Dada kule chumbani akafungua kompyuta, na video zote hizo hapo, zimepita hewani! Akapiga kigelegele. Akaja akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema: “Angalau.”

Angalau! Kwa Dada hiyo ni medali.

Akiwa bado amenishika kichwa akauliza mbona nywele zangu nadhifu kila wiki na kazi sina. Nikabadilisha mazungumzo. Hiyo ni siri yangu na kinyozi wa hapo chini. Saluni yake iko moja kwa moja chini ya dirisha letu la korido. Nilimpa neno la siri la waifai yetu, naye ananinyoa bure. Kila mtu anafaidi, hakuna anayeumia. Analalamika tu kwamba mtandao ukishuka kwake unachechemea. Simu inapata kwa shida, televisheni yake haishiki kabisa. Nimemwahidi nitalishughulikia.

Alhamisi, 6 Juni

Majaribu.

Asubuhi Mama alitaka kunyoosha sare yake ya kazini. Ukiacha ya televisheni, soketi ya sebuleni ni moja, na ndani yake kuna plagi ya ruta. Mama hakuuliza. Pasi yake ni ya tangu sijazaliwa, ruta ni mgeni. Akachomoa. Diski ikalia tik, tik, tik, kama mtu anayefyonza meno. Chumbani Dada naye akalia, kwa sauti nyingine.

Hasara ilikuwa ndogo. Diski ilipopata umeme ikajikagua, ikajikagua, ikafunguka. Ila kipande alichokuwa anakihariri Dada kilikuwa kimeugua: bwana harusi anavishwa pete vizuri kabisa, halafu uso wake unageuka miraba ya kijani. Nikasema inapendeza, watu watadhani tumefanya makusudi. Nikatolewa chumbani kwa ukosi wa shati.

Nikaandika bango: USICHOMOE! MITAMBO! Nikalibandika juu ya soketi. Mama akalisoma lote, akauliza mitambo ipi, akachomoa tena ili amalizie mkono wa kushoto. Bahati Dada alikuwa ameenda kunywa chai ya kutuliza moyo. Baba Mdogo akaamua kesi: kuanzia leo pasi itapigwa chumbani kwake, na yeye atakaa barazani mpaka iishe. Nikamshukuru. Akanijibu kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya Dada, si kwa ajili yangu, na kwamba rafiki yake wa matofali ameshanitengea koleo. Lina mpini mrefu, anasema, kwa heshima ya kimo changu.

Mchana akatokea Kola. Shati jeupe, kola zimesimama wima. Mkononi ana chuma cha kuchomelea na tundu jipya ndani ya kifuko cha plastiki. Dada alikuwa anaoga, kwa hiyo nikampokea mimi, kwenye kizingiti. Aliomba apewe kompyuta muda kidogo tu, aitengenezee hapo hapo. Nikamwambia: “Shemeji, huko tulishahama. Sisi sasa ni watu wa hewani.” Akachungulia, akaona diski inaning'inia mgongoni mwa ruta. Akauliza kwa upole kama nimeifungia kwa neno la siri. Nikamwambia ndugu hawafungiani milango. Akauliza kama Dada ana nakala nyingine ya filamu mahali pengine. Nikamwambia maswali mengi ni dalili ya wivu. Akacheka kidogo, akaniachia salamu zake, akaondoka na chuma chake. Hakuaga kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi.

Dada alipotoka bafuni nikamwambia Kola alipita kusalimu tu.

Jioni malalamiko mapya ya Dada. Kwamba chumbani kwake faili zinafunguka kwa mwendo wa konokono. Anabofya, anaenda jikoni, anarudi, bado. Nikachunguza. Adui ni ukuta. Nikachukua hatua. Nikaihamisha ruta kutoka chini ya televisheni, nikaunganisha waya wa kurefushia, nikaitundika kwenye nondo za dirisha la korido, mkabala na mlango wa Dada. Nimeiweka ndani ya ule mfuko wa wavu wa vitunguu, hewa ipite. Diski nayo humo humo, imelala juu ya mgongo wa ruta kama mtoto. Antena hazikuenea ndani, nikazitokeza nje, zikaelekea chini.

Kasi ikapanda! Dada akasema kwa mwendo huu kesho anamaliza. Mama akauliza vitunguu viko wapi. Kila maendeleo yana wapinzani.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa nimevaa kofia ya Baba Mdogo. Nitaeleza.

Mchana nilishuka kwa kinyozi. Kesho Mama Ukumbi anakuja, na msaidizi wa mpiga video hawezi kumpokea mteja akiwa na zulia kichwani. Saluni ilikuwa imejaa. Kiti cha jirani amelazwa mzee mmoja mnene, chali, uso mzima umefunikwa taulo la moto, shavu moja limeshanyolewa na lingine linasubiri kulainika. Nikakaa kiti changu. Kinyozi ana furaha kama mtu aliyeitikiwa posa. Akaninong'oneza, yaani akapiga kelele: “Bosi wangu, umetisha! Tangu jana mtandao moto! Mpaka televisheni inashika!”

Nikajisikia vizuri sana. Nikamwambia ndiyo maana unaona watu wananiita Injinia.

Akaanza na upande wa kulia, mashine mkono huu, rimoti mkono ule. Televisheni ikaandika kwamba imepata video mpya kwenye mtandao. Kinyozi akawauliza wateja kama waone ni nini hiyo. Wateja wakasema weka.

Nikaona mapazia ya ukumbi. Ya Mama Ukumbi!

Na si ile filamu safi ya Dada. Ni ile mbichi, kila kitu kamera ilichomeza kabla ya mkasi. Bwana harusi anafanya mazoezi ya kutabasamu kwenye kioo cha gari. Saluni ikacheka. Shangazi mmoja mwenye kilemba kikubwa anaingiza mapaja ya kuku kwenye mkoba, moja, jingine, jingine, kisha anajifuta vidole kwa leso na kurudi kwenye maombi. Saluni ikapiga makofi. Mteja mmoja akasema huyo shangazi apewe wizara ya ghala. Nikamwomba kinyozi azime. Akaniambia nitulie, mashine haina macho.

Ikaja korido ya nyuma ya jiko la ukumbi. Bwana mmoja wa suti ya kijivu, ua kifuani, amesimama peke yake kati ya makreti ya soda. Baba wa bibi harusi. Mume wa Mama Ukumbi! Mtu anayejulikana mtaa mzima kwa kutocheka. Salamu anaitikia kwa nyusi. Sasa analia. Na si kile kilio cha kufuta jicho kwa kidole. Analia kwa mabega. Anajipapasa mifuko, leso hana. Anavuta kitambaa cha meza kutoka kwenye lundo la vitambaa vya kufuliwa, anapenga kamasi kwa mlio wa honi ya lori, kisha anakikunja kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, na kukirudisha juu ya lundo.

Saluni ilipasuka hadi chupa za mafuta zikagongana kwenye rafu. Mmoja akalia kwamba ndicho kitambaa walichomtandikia yeye mezani. Mwingine akawa anapiga honi kwa mdomo. Nakiri, na mimi nilicheka.

Taulo la kiti cha jirani likainuka. Taratibu.

Chini yake: nyusi zile zile.

Mashine tu iliendelea kunguruma kichwani kwangu. Mzee akaitazama televisheni, ambako yeye mwenyewe alikuwa anajipangusa sharubu. Akasimama, uso unafuka mvuke. Wa taulo au wa hasira, sikuuliza. Akataka kujua kitu hicho kinatoka wapi. Na kinyozi, mtu niliyekuwa namwita kaka, akaninyooshea mashine.

Miguu niponye! Nilitoka na lile shuka la kunyolea shingoni, linapepea nyuma kama la mfalme. Ngazi nilizipanda kwa kuruka. Nia yangu ilikuwa moja, kukata matangazo. Nikafika dirishani, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa vitunguu, nikaushika waya wa diski, nikang'oa.

Wakati huo huo, chumbani, Dada alikuwa anahifadhi filamu iliyokamilika.

Sauti aliyoitoa sitaiandika hapa. Diski haifunguki. Kompyuta inasema haiifahamu. Nilitegemea kipigo, nikajikunja tayari. Hakunipiga. Amekaa kitandani ameshika soksi tupu. Heri angenipiga.

Upande wa kulia wa kichwa changu: daktari. Upande wa kushoto: zulia. Nimeazima kofia.

Jumamosi, 8 Juni

Kola aliitwa asubuhi na mapema. Akaja. Hakusema “si nilikwambia.” Mtu asiyesema “si nilikwambia” wa kumwogopa. Akachomelea lile tundu la kompyuta, akachomeka diski bila kupitia popote, akaipa programu ya kuikagua, akakaa ameikodolea macho. Dada alikuwa anauma kucha za mikono yote miwili. Mwishowe zikaanza kurudi. Video mbichi zote, salama. Filamu iliyokamilika, majuma ya kazi, imekwenda na maji.

Na Mama Ukumbi anakuja saa kumi.

Nilitoa pendekezo: aambiwe filamu iko hewani, haijatua. Baba Mdogo akasema nivute kofia chini, kwa upande wa mdomo hasa.

Saa kumi wakaingia wawili. Mbele Mama Ukumbi, funguo za ukumbi zinalia kiunoni. Nyuma mumewe, shavu moja jeusi linang'aa, lingine bado lina ndevu. Kumbe na yeye hakurudi kumalizia! Tukatazamana, nusu kwa nusu.

Mzee hakungoja kukaribishwa kiti. Akamwambia Dada kuna kipande cha video kifutwe, hapa hapa, akiona kwa macho yake, na baada ya hapo wasijuane. Dada akaomba radhi kwa sauti iliyokwisha. Mama Ukumbi akageuka, akauliza kipande gani. Mzee akasema si kitu, taa zilileta kasoro. Mama Ukumbi akauliza ni kasoro gani ya taa inayomtoa mtu mzima kwa kinyozi na shavu moja, na inayomfanya anune tangu jana. Mama Ukumbi akavuta kiti. Akafungua funguo kiunoni, akaziweka mezani.

“Binti, weka.”

“Mke wangu, twende.”

“Mume wangu, kaa.”

Akakaa. Dada akaweka. Korido. Makreti. Mabega. Kitambaa. Honi. Nilitaka kucheka, Mama akanifinya paja, nikabadilisha ikawa kikohozi.

Mama Ukumbi akamuuliza mumewe, bila kumwangalia, si alisema alitoka kwenda kuangalia magari ya wageni kama yamepangwa vizuri? Mzee akayatazama mazulia yetu. Akasema na magari pia aliyaangalia. Mama Ukumbi akasema siku ile alirudi nyumbani na donge moyoni, kwamba mwana wao anaondoka nyumbani moja kwa moja, na baba yake anaona bora akahesabu magari. Akasema donge hilo amelala nalo mpaka leo. Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba asingeweza kulia pale mbele, watu wote wale, na leso hana.

Mama Ukumbi akamwambia Dada arudishe nyuma. Akaangalia tena. Safari hii ilipofika honi alicheka, akacheka hadi akajishika mbavu, akasema kumbe kitambaa kile kilichogandamana ni chako, na mimi niliwagombeza wahudumu wangu bure! Na mzee, naapa, zile nyusi zikalegea.

Dada hapo angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alisema ukweli wote, kwamba filamu ilikuwa imekamilika na imepotea, na imepotea vipi, na mimi nimekaa pale pale! Mama Ukumbi akampa wiki nyingine aitengeneze upya, na hicho kipande kiingie chote, bila kukatwa. Akasema wapiga video wote humwona bibi harusi. Yeye anamtaka anayemwona na mtu aliye peke yake koridoni. Harusi zote za ukumbi ni za Dada. Mama akalia. Dada akalia. Mzee akaanza kukitazama kitambaa cha meza yetu, Mama akakivuta upande wake, akampa leso.

Kisha Mama Ukumbi akauliza ni nani hasa aliyeipeleka video kwa kinyozi. Macho yote kwangu. Kola peke yake aliangalia dari, kwa ule uungwana wake wa kukera. Nikaona saa yangu imefika. Nikavua kofia, nikainama kama msanii jukwaani, nikingoja shukrani.

Akanipandisha akanishusha. Akatazama nusu hii, akatazama nusu ile. Akasema ana sharti moja tu kwenye kazi ile: huyu asikanyage ukumbini kwake, wala asikaribie kitu chenye taa zinazopepesa.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna haki.

Kikao cha familia. Ajenda: mimi. Nilijitetea kwa hoja nzito. Bila tiki zangu mzee asingeonekana. Asingeonekana, mkewe asingejua. Asingejua, wangekuwa bado wamenuniana, na Dada asingepewa ukumbi. Kwa hesabu hiyo aliyeipata kazi ni mimi, na ndoa moja nimeiokoa juu yake. Baba Mdogo akauliza kama nimemaliza. Nikasema bado kidogo. Akasema koleo pia bado kidogo, ni kesho tu.

Msaidizi wa Dada amepatikana. Kola! Atabeba taa siku zake za mapumziko. Kile kitambulisho nilichojichorea mwenyewe kwa kalamu ya rangi, Dada amekichukua, akabandika picha ya Kola juu ya yangu. Na kinampendeza. Hapo ndipo panapouma.

Ruta imerudi chini ya televisheni, vitunguu vimerudi kwenye mfuko. Mama amebadilisha neno la siri kwa mkono wake. Nilipomuuliza, akasema nikaiulize pasi. Nikashuka kwa kinyozi anisaidie upande wa kushoto. Akanitazama kupitia kwenye kioo. Mtandao wake umekufa tangu asubuhi, na wateja wanadai kujua shangazi aliishia wapi na kuku. Akasema nusu aliyoninyoa inalingana na mtandao alioupata. Hatudaiani. Na Baba Mdogo kesho anaitaka kofia yake.

Jioni Dada akanionea huruma, akanikalisha kwenye ndoo, akachukua mkasi wa karatasi. Akawa ananikata kimyakimya. Katikati akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia mengi. Akasema taja moja tu.

Nikafikiri. Nikamwambia ruta ikikaa dirishani inafika mbali.

Akaweka mkasi chini. Hakumalizia.

Jumatatu, 10 Juni

Kiwandani. Vumbi la saruji mpaka kwenye meno. Koleo ni kweli lina mpini mrefu. Wenzangu walipouliza habari ya kichwa nikawaambia ni mtindo, haujafika huku. Tayari wameshanipa jina: Ramani. Kabla ya saa ya chai viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, msimamizi akaniona napepesuka, akanituma ofisini nikaombe glovu.

Ofisini kuna karani, mama wa makamo, miwani machoni na nyingine kichwani. Alikuwa anagombana na waya. Kila akigusa meza, diski inakatika. Diski ya Bosi, yule rafiki wa Baba Mdogo! Ameishikilia kwa kibanio cha nguo!

Machozi yalinilenga. Nikamuuliza humo ndani mna nini. Akasema, mwanangu, kila kitu cha Bosi, oda, picha za matofali, mpaka video anazojirekodi hapa jioni, mlango amefunga, akijifunza kucheza muziki kwa ajili ya harusi ya binti yake. Hataki hata mkewe ajue.

Nikageuza macho kwenye kona. Ruta. Antena nne! Nikaenda, nikaigeuza polepole. Nyuma: tundu. La! Matundu mawili!

Nikamwambia, mama, hebu pisha kidogo, mimi kwetu naitwa Injinia. Akauliza kama nina uhakika. Nikachomeka diski, nikageuza ruta nikasoma karatasi ya tumboni, nikaingia. Upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha kusubiria, wateja walikuwa wamekaa kimya wakiangalia mpira kwenye televisheni kubwa kama mlango.

Ukurasa wa hapa una visanduku vingi kuliko wa nyumbani. Nimetia tiki vyote.